Sanduku la chambo nililolehemu mwenyewe, na siku nilipolifungua mbele ya wakwe

Wakuu wa ukurasa huu, habari za huko mliko. Barua zenu nazisomaga kila toleo, leo nami nimeshika kalamu.

Nitakayosema ni kweli tupu. Aliyekuwapo Kunduchi siku ile ataniunga mkono, akimaliza kucheka.

Mie ni fundi bati, Kinondoni. Shule niliishia darasa la pili, lakini vibatari na ndoo nyingi za mitaa ile zimetoka mikononi mwangu. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe, bati la paa nimelipiga mwenyewe.

Kila Jumapili naendesha baiskeli hadi Kunduchi kuvua. Chombo sipandi. Nasimama kwenye maji ya kiunoni, pale mawimbi yanapovunjika, natupa mshipi kwa mkono. Hata pale situlii, nikikosa kidogo tu nahama.

Tatizo lilikuwa vifaa.

Ndoana, mishipi, vipande vya risasi vya kuzamishia, na chambo cha pweza, vyote vilikaa kikapu kimoja nyuma ya mlango wa chumbani. Mke wangu, Mama Saida (Saida mwenyewe ameshaolewa Temeke), alilalamikia harufu mwaka mzima. Nikawa namwambia nitatengeneza kitu, ufundi ninao, nafasi ndiyo sina.

Basi Jumanne moja, asubuhi ya harusi ya jirani, akavuta kanga yake mpya pale mlangoni. Ikaja na ndoana. Ikachanika toka pindo hadi katikati.

Alifunga mzigo wake akasema, "Baba Saida, nakwenda kwetu Kunduchi. Ukipata pa kuweka uvundo wako, njoo. Usipopata, usije."

Sikukaa kitako tangu saa ile. Nachemsha chai, siinywi. Naenda mlangoni, narudi. Wateja wanaleta ndoo zinazovuja, nazisukuma kando.

Nikachukua debe la mafuta ya taa, nikalisugua kwa majivu na mchanga hadi harufu ikaisha. Nikalichana, nikalehemu vyumba vinne.

Cha ndoana nilitia kipande cha boya kuukuu, kila ndoana imechomekwa humo na kupakwa mafuta ya nazi isishike kutu. Cha mishipi kina kibao cha kuzungushia. Cha tatu ni cha risasi. Cha nne, kikubwa, ni cha chambo: mfuniko nimeuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaubana kwa waya.

Nikakijaza maji, nikakipindua. Hata tone. Wakuu, acheni nijisifu, kazi ile hata maduka ya mjini huipati.

Ijumaa nikanunua pweza mbichi, nikamkata, nikamfungia humo. Sanduku likakaa uani juani, nami nalinusa kila saa. Halinuki kabisa. Jumapili asubuhi nikalifunga nyuma ya baiskeli, nikakanyaga bila hata kupumzika njiani.

Nilimkuta Mama Saida uani kwao na mama yake, na kaka yake Shomari, mvuvi, anashona nyavu. Majirani kama watano walikuwa wanapara samaki. Nikampa mama mkwe shikamoo yake, nikakataa kukaa, nikaanza kuonyesha chumba kimoja kimoja. Watu wakasogea. Zile ndoana wakazisifu sana.

"Sasa nuseni chambo cha siku tatu," nikasema, nikafungua waya.

Mfuniko uliruka wenyewe ukanipiga kidevuni. Harufu iliyofuata siwezi kuiandika. Wapara samaki, watu waliozaliwa ndani ya shombo, waliinuka wakaacha visu. Mama mkwe aliingia ndani akafunga mlango.

Shomari peke yake alisogea, pua kaibana. "Shemeji, hapa umehifadhi chambo au umezika mtu?"

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mama Saida hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, sanduku wala hakuliangalia.

Majibu nilikuwa nayo. Ningelaumu jua, ningemlaumu muuza pweza. Mdomo ulishafunguka, nikamwona anageuza uso, kama mtu anayejua kitakachofuata.

Nikasema, "Shemeji, sijui. Nionyeshe."

Akanionyesha. Pweza anakatwa vipande vyembamba, anasuguliwa chumvi ya mawe, anaanikwa kivulini penye upepo. Akishakauka juu anatiwa kikapu cha ukindu kinachopitisha hewa, kikapu kinatundikwa nje ya nyumba. Anakuwa mgumu, wimbi likipiga habanduki kwenye ndoana. Hapo kwao hata mtoto anajua, na mie nilipita mlangoni pale kila Jumapili nisiulize.

Nimeinama nasugua chumvi, vidole vinawasha, nikamsikia mama mkwe ndani: "Unafunga mzigo? Mbona hata hajakuomba?"

Mama Saida akamjibu, "Mama, yule kasema hajui. Miaka ishirini na mbili, leo ndiyo mara ya kwanza. Niache niondoke naye kabla hajajua tena."

Nilichojifunza ni hiki: chuma kifungie koponi, chambo kipe chumvi na hewa. Na kabla hujawasha moto wa kulehemu, uliza wenye pwani yao.

Nyie wa Mbezi na Kigamboni, ngisi mnamwekaje siku za masika, chumvi inapolowa yenyewe? Andikeni humuhumu. Safari hii nauliza kwanza.