Sombe Kutoka Shamba la Utafiti

Mimi ni mtu aliyewahi kula utafiti wake mwenyewe, akanawa mikono na kusema asante. Nasema bila haya. Tena niliongeza bukari, ugali wetu, maana ile sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imeiva vizuri, ina mawese na samaki mkavu wa ziwani, na mama mukwe akipika hakuna anayeacha kitu kwenye sufuria.

Nianze na muhogo wenyewe. Mama mukwe alipovuka kutoka Kongo kuingia Zambia, kulikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kumbebea: Biblia yake, na fungu la vijiti vya muhogo alivyovizungushia kitenge. Tulipogawiwa viwanja kwenye kambi ya wakimbizi ya Mantapala alivipanda kabla hatujamaliza kufunga turubai. Mihogo ya majirani ikashikwa na ugonjwa wa mabaka. Majani yakajikunja, yakawa ya njano, na chini ya udongo mizizi haikuzidi vidole. Ya mama mukwe ikasimama. Basi maneno yakaanza. Sokoni Nchelenge niliyasikia kwa masikio yangu: Wakongo ndio waliotuletea ugonjwa kwenye vijiti vyao, na wa kwao haufi kwa sababu wana dawa yao. Dawa! Kidogo nimrushie mtu samaki.

Hasira peke yake haisaidii, lakini mimi nilikuwa nimesoma biolojia Lubumbashi kabla hatujakimbia. Kwa hiyo watafiti wa muhogo walipokuja kutafuta mtu anayejua Kiswahili na Kibemba, na asiyeogopa vichupa vya maabara, walinikuta nimeshasimama mlangoni. Mkuu wao alikuwa mama wa Kizambia tuliyemwita Dokta, mtu wa maneno machache na subira ndogo zaidi. Nilimwomba auingize muhogo wa mama mukwe kwenye jaribio, upandwe kando ya muhogo wa kawaida wa huku. Alikubali shingo upande.

Nilichokuwa natafuta nilimweleza mama mukwe hivi. Ndani ya kila mmea kuna maandishi madogo mno, nayo ni jeni. Kila jeni ni maagizo ya kutengeneza kitu kimoja, protini, na protini ndiyo inayofanya kazi. Kuna protini moja ambayo kazi yake ni kunakili maandishi ya muhogo kila mmea unapokua. Sasa, kirusi cha mabaka ni mvivu, hakina chombo chake. Kinaingia kwenye jani na kuazima protini hiyo hiyo ili kijinakili chenyewe, kama jirani anayekuja kutwanga kwenye kinu chako hadi wewe mwenye kinu unalala njaa. Nilidhani kwamba katika muhogo wake jeni hiyo ina badiliko dogo, na protini imegeuka umbo kidogo tu: mmea unaendelea kuitumia, kirusi kinashindwa.

"Mungu fundi," alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Miezi ilipita, na mambo yakanigeukia. Msimu ule mvua zilikuwa nzuri, mihogo yote ikashiba, majani mapana kila mahali. Dokta alitembea kati ya mistari, akageuza jani hapa, jani pale, akatikisa kichwa. Hakuona tofauti. Alisema atakuja Ijumaa na pipa lake la baridi kali kuchukua majani machanga kabisa, yale ya ncha, kwa kuwa huko ndiko protini inakofanya kazi kwa nguvu. Yasipoonyesha kitu, muhogo wa mama mukwe unatoka kwenye jaribio. Ukitoka, hautagawiwa kwa mtu yeyote, na yale maneno ya sokoni yatabaki kuwa kweli. Nikachagua mimea iliyo bora katika mistari yote miwili na kuifunga vitambaa vyekundu ili tusipoteze muda.

Alhamisi akaja mgeni. Mdogo wake mama mukwe alivuka ziwa kutoka Kilwa ya upande wa Kongo pamoja na wauza samaki, na walikuwa hawajaonana tangu tukimbie. Nilirudi jioni nikawakuta wanalia na kucheka kwa pamoja, na sufuria iko tayari. Nikala. Nikasifu. Ndipo nikaona, kwenye ungo karibu na kinu, kitambaa chekundu.

Jamani. Ni kile nilichofunga mwenyewe shambani.

Asiyejua adabu ya ukwe kwetu atauliza kwa nini sikupiga kelele. Kelele kwa nani? Mama mukwe haulizwi mboga imetoka wapi, tena mbele ya mdogo wake aliyevuka maji kuja kumwona. Nilimeza. Nikasema, "Aksanti, mama, sombe ni tamu." Kisha nikatoka polepole, na nilipofika nyuma ya nyumba nikakimbilia shamba la jaribio.

Yote. Kila mmea wenye kitambaa, katika mistari yote miwili, ulikuwa umechumwa ncha zote, vikabaki vijiti vitupu. Isiyo na kitambaa hakuigusa hata mmoja. Nilikaa chini kwenye udongo nikalia kama mtoto.

Asubuhi Dokta alifika, akashuka garini, akatazama, akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kuwasingizia mbuzi. Nilikuwa hata nimechagua mbuzi wa nani! Lakini mama mukwe alikuwa ametufuata, kanga begani, na alitangulia kusema kabla sijafungua mdomo.

"Ni mi njo nilichuma. Kwetu kuku ya mugeni tunaifungaka kitambaa ku muguu. Nikaona mutoto wangu anafunga vitambaa ku mihogo, nikasema, aa, huyu anajua mugeni iko nakuya, ameshanichagulia. Pardon, mama. Sikujua ni masomo."

Nilimtafsiria Dokta kwa Kibemba. Dokta alifoka, na alinifokea mimi: kwamba msimu mzima umeliwa na bukari, kwamba kazi yangu ilikuwa kulinda shamba. Na ilikuwa kweli. Mwisho akasema atapita mara moja tu kabla ya kufunga msimu. Akikuta majani atachukua. Akikuta vijiti, muhogo huu umekwisha, asisikie habari zake tena.

Ukichuma muhogo, hauendi kulala. Unaanza kujenga upya. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa shambani, na inzi wadogo weupe wanaoeneza ugonjwa walikuwa huko kabla yangu, wamejaa chini ya majani. Nilisali, na nilitukana pia. Vichipukizi vikatokeza, vidogo, vyekundu vyekundu, bado huwezi kujua ni vizima au vigonjwa. Halafu vikafunguka.

Mstari wa muhogo wa kawaida, majani mapya yote yalitoka yamejikunja, yana mabaka ya njano hadi kwenye ncha. Ugonjwa ulikuwamo siku zote, umejificha kwenye mwili uliokwisha kukua. Mmea ulipolazimika kujenga upya, kirusi nacho kilipata nafasi ya kujinakili wazi wazi. Mstari wa mama mukwe, inzi wale wale, udongo ule ule, majani yalifunguka safi. Kijani! Niligeuza moja, nikageuza jingine, nikaenda mpaka mwisho wa mstari na kurudi. Nikapiga yowe. Watu wakatoka na majembe wakidhani ni nyoka.

Dokta alikuja na pipa lake. Alipiga magoti kwenye udongo, yeye na suruali yake nzuri, akaanza kuchuma. Alipoinuka alikuwa anacheka, mara ya kwanza kumwona meno. Aliniambia kuna wazalishaji wa mbegu wanaokata mihogo makusudi ili ugonjwa ujitokeze, na kwamba yeye hakuliweka hilo kwenye mpango wa msimu ule. "Mama mukwe wako aliliweka," alisema. Majani yakaingia kwenye pipa, moshi wa baridi ukapanda, gari likaondoka.

Simu ya matokeo ilinikuta kwenye foleni ya maji. Maabara ilikuwa imesoma jeni, na badiliko lilikuwepo, pale pale nilipodhani. Protini ilikuwa na umbo la tofauti kidogo, na katika majani yale kirusi kilikuwa kidogo hata kukipata ilikuwa taabu. Hakuna dawa. Hakuna uchawi. Ni muhogo wenyewe! Ndoo ilinianguka, maji yakamwagika, mwenzangu wa nyuma akanitukana, nikamkumbatia hivyo hivyo na matusi yake.

Siku ya kugawa vijiti walikuja watu wa Mantapala, na walikuja pia wenyeji, kwa baiskeli, kutoka Kafutuma na wengine hata njia ya Chienge. Tangu tuvuke sisi tulikuwa watu wa kupanga foleni: foleni ya unga, foleni ya mafuta, foleni ya blanketi. Tulikuwa tumezoea kunyoosha mikono. Siku hiyo foleni ilikuwa mbele yetu, na aliyekaa mwanzoni mwake, na panga mapajani na vijiti vimemzunguka pande zote, alikuwa mama mukwe.

Mama mmoja wa Kafutuma alichuchumaa mbele yake, akapiga makofi ya heshima kama wafanyavyo Wabemba, akaomba. Mama mukwe alimpa fungu. Yule mama akalipima kwa mikono, akasita, anaona haya kuomba zaidi.

"Ongeza, mama," mama mukwe alimwambia kwa Kibemba chake kilichovunjika. "Ongeza. Tunayo mingi."

Nililia mbele ya watu wote, na sikujifuta.