Waliojenga Daraja Hawaitwi Tena

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua nyumbani kwetu Roret, mama akiwa amejifungua ndugu yangu mdogo. Nyanya alikaa kando ya kitanda akimwitia mtoto majina ya wazee wetu waliokufa, moja baada ya jingine. Ndivyo sisi Wakipsigis tufanyavyo, mwanangu: jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, mzee huyo amekubali kurudi, basi mtoto anaitwa yeye. Hata sisi wa kanisani hatujaacha, ingawa mchungaji hujifanya haoni.

Mtoto alikataa. Nyanya akamaliza wa ukoo, akaanza wanaume wa daraja. Lile daraja kuukuu la mawe pale mjini Kericho unalijua, kila mgeni hupiga picha hapo. Kibao chake kina jina la Mzungu aliyelichora tu. Lakini waliochonga mawe na kusimama mtoni ni vijana wa kwetu, kaka zake nyanya na binamu zake, na mto ulipofurika uliwachukua wasionekane tena. Makaburi hawana. Nyanya aliwajua wote. Alipomtaja Kimalel, mtoto akapiga chafya, na mama akalia kwa furaha.

Mimi nilikuwa nachungulia dirishani, wenzangu wananingoja twende sokoni. Nyanya akanishika sikio. "Wewe msichana, haya majina siuimbii ukuta. Nikifa, utawaita nani?"

"Nitakuuliza kesho, Kogo," nikamwambia, maana ndivyo tumwitavyo nyanya kwetu.

"Kesho ni ya Mungu," akasema, akaniachilia nikimbie. Sikio la kufa halisikii dawa. Nyanya alizikwa kabla sijaolewa, nami sikuwa nimemuuliza.

Juzi mjukuu wangu alijifungua. Niliitwa mimi, maana ndimi mkubwa aliyebaki. Nikawaita wa ukoo, wakaisha. Nikafika kwa wanaume wa daraja, nikamtaja Kimalel, halafu la pili likakataa kuja. Mdomoni hamkuwa na kitu. Akina mama wananitazama, wananingoja. Mjukuu wangu akasema kwa upole, "Si kitu, Kogo, pumzika," wakatafuta jina kwenye simu. Ati Jayden. Ni jina zuri, sina neno. Lakini wale waliochukuliwa na mto walikuwa na mlango mmoja tu wa kurudia nyumbani, nao ulikuwa mimi. Nimelia mpaka machozi yamenikauka.

Mwanangu, majuto ni mjukuu. Kama kwenu kuna mzee anayerudiarudia majina, usiangalie saa. Keti. Muulize kila anayemtaja alikuwa nani, mwana wa nani, alikufaje, kisha uyaseme mwenyewe kwa sauti akusahihishe. Fanya hivyo jioni ya leo. Usije kuniuliza mimi, kwangu hakuna kitu tena.

Mungu akupe umri mrefu kuliko wangu, na watoto wenye masikio. Na siku utakapoondoka, abaki mtu mmoja wa kukutaja. Mimi wangu sijamwona.