Mama Pasi na Kinyaa cha Mkekani

Mtu akimwona Mama Pasi kwa mara ya kwanza, jicho humwendea puani. Kabla hajaitikia salamu, pua ile imekwishapanda, imenusa na kutoa hukumu. Miaka kumi na mitano ya udobi imemfundisha kumjua mteja kwa kola ya shati: huyu hulala na nguo, yule hajipanguzi jasho, huyu mkewe amesafiri. Kila nguo huipokea kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

Basi ilikuwaje mwanamke wa namna hiyo akaonekana, kila Jumanne na Alhamisi jioni, amelaliwa kifuani na mchinja kuku?

Chanzo ni mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali, akamkumbatia kwa nguvu nyuma ya meza ya kupigia pasi. Mama Pasi aliganda kama kitambaa kilichotiwa wanga. Hakupiga kelele, hakurusha hata kiwiko. Jirani ndiye aliyeingia, na yule mtu akatoka mbio. Ilibaki harufu yake ya tumbaku na jasho la jana, ambayo sabuni haikuiweza.

Tangu siku hiyo kaka yake, fundi wa vigae, ambaye chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho duka lenyewe, akachukua funguo. Asubuhi anafungua yeye, jioni anafunga yeye, na katikati anakuja kukalia mashuka yaliyokwisha kukunjwa, anatafuna karanga.

"Nirudishie funguo zangu, kaka."

"Ili iweje? Ugande tena? Siku utakayonibana mimi mpaka niombe msamaha, utazipata."

Alisema kwa mzaha. Mama Pasi hakucheka. Wiki ile ile alijiandikisha katika darasa la wanawake la jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kubanana chini mpaka mmoja agonge mkeka kwa kiganja, maana yake yatosha.

Lo! Chumba kilikuwa juu ya karakana ya baiskeli, na mkeka wake ulinuka miguu iliyoshinda ndani ya viatu vya mvua. Unywele wa mtu asiyemjua ulimganda shavuni. Na mwenzake wa mazoezi ndiye huyo mchinja kuku, mnene, mcheshi, aliyeitwa Bi Manyoya kwa kuwa haukukosekana unyoya nyuma ya sikio lake. Tone la jasho lilining'inia kidevuni mwake, likafikiri kidogo, kisha likadondoka mdomoni mwa Mama Pasi.

Pa-pa-pa! Akagonga.

"Hee! Mbona unagonga kama mgeni aliyekosea nyumba?" Bi Manyoya akaangua kicheko. "Mkono wangu haujafika hata shingoni!"

Mwezi mzima ikawa hivyo hivyo. Kocha, mwanamke mkimya mwenye masikio yaliyovimba kama tangawizi, aliwafundisha kabali: kiwiko chini ya kidevu cha mwenzako, kiganja kwenye msuli wa mkono wako mwenyewe. Akawafundisha na kufuli ya mkono, ya kuunyoosha mkono wa mwenzako mpaka kiwiko kiume. Mama Pasi aligonga kabla ya yote mawili. Jioni moja kocha akachuchumaa kando yake.

"Umeumia, mama?"

"Hapana."

"Umekosa pumzi?"

"Sijakosa."

"Sasa unagonga nini?"

"Kinyaa, mwalimu. Nataka kutapika."

Kocha hakumcheka. "Ukiletewa dukani shuka la mtoto aliyetapika, unalikataa?"

"Nalikataaje, na ndiyo kazi?"

"Unaanzia wapi?"

"Pembeni, pasipochafuka. Nashika hapo, napumua kwa mdomo, katikati sipatazami."

"Haya. Na hapa anzia pembeni."

Akarudi chini ya Bi Manyoya, ambaye nywele zake zilitoa mvuke wa maji ya kunyonyolea kuku. Akafungua mdomo apumue. Akatafuta pembe: pindo la mkono wa kimono, lile koti zito la mazoezi, pale paliposhonwa mara mbili, pasipoteleza vidole. Akalikamata, akauvuta mkono wa mwenzake kifuani, kidole gumba kikitazama dari. Akageuza kiuno, akapitisha mguu juu ya uso wa Bi Manyoya, akabana magoti kama anavyolibana blanketi lililolowa, kisha akainua nyonga kidogo tu. Unyevu wa kwapa la yule mama ulimpenya pajani. Kichefuchefu kikamfika kooni. Hakuachia.

Pa-pa-pa! Safari hii kiganja kilikuwa cha mwenzake.

"We dobi, utaning'oa bawa!"

Usidhani kinyaa kiliisha. Alikoga mara tatu, akajisugua masikio kwa brashi ya kola, na chakula hakikupita. Lakini mikono haikuganda.

Leo ni Alhamisi. Kaka amekalia mashuka, anazungusha funguo kidoleni, na ganda la karanga limetua juu ya foronya nyeupe.

"Jumamosi saa nne, mkekani kwenu, unibane niombe msamaha, siyo?" anauliza. "Nitakuja nimeshiba."

"Usishibe. Na uoge."

"Kumbe unaniogopa!"

Mama Pasi anautazama mkono wa kaka yake, kifundo, kisha kiwiko, kama anavyolikagua doa. Mbele yake iko kimono ambayo kocha amemwazima kaka. Anaipiga pasi, na akifika kwenye pindo la mkono anabonyeza mara mbili, likae imara. Anainusa: sabuni tupu. Jumamosi itanuka kaka, itanuka na mkeka ule wa miguu. Pua inampanda kwa kufikiria tu, na bado anatazama kalenda ukutani kwa mara ya tano tangu asubuhi.

Siku mbili. Mbona haziendi?