Sifuri za Mama Anto

Wasomaji, kosa hili ni langu peke yangu. Msinitafutie wa kugawana naye.

Mimi si mtu wa hivi hivi. Nilisomea takwimu za magonjwa ng'ambo kwa jasho langu, bila mjomba wala mfadhili, nikarudi kwetu Kolwezi, Kongo, na diploma ndani ya fremu. Katika utafiti wetu wa shinikizo la damu, ni mimi tu niliyeweza kutazama namba na kukuambia nani anadanganya. Waliniita Tata Diploma, yaani Baba Diploma, nami niliitika!

Wauguzi walizunguka wakipima watu, vipimo vikanifikia kwenye kompyuta, karatasi zao zikifuata baadaye. Mimi ndiye niliyetoa orodha ya wagonjwa wa kuitwa upesi wapewe dawa.

Siku moja nikafungua vipimo vya mji mdogo wa Kasaji, vya muuguzi Mama Anto. Karibu vyote viliishia na sifuri. Mia moja sitini. Mia moja themanini. Mia mbili! Mashine haipendi sifuri hivyo, jamani. Nikacheka: huyu mama amekaa kivulini akabuni namba.

Sikumwuliza. Alipopiga simu sikupokea, nikasema moyoni anataka kunilainisha. Alipopiga tena, nikawa na hakika! Nikamwambia mkuu wetu, "Chef, huyu mama anatupikia namba." Akasimamishwa kazi. Nami nikafuta Kasaji nzima, nikaenda kula.

Miezi miwili baadaye Mama Anto aliingia ofisini bila kubisha, vumbi la njia hadi kwenye kitambaa cha kichwa.

"Bonjour, Tata Diploma. Unakumbuka fundi wa nguo wa Kasaji, Tata Ilunga? Ule wa mia mbili?"

"Yule uliyembuni?" Ee Mungu, nilimjibu hivyo!

"Basi ule nilibuni ameanguka. Kinywa imepinda, mukono wa kuume umekufa. Bibi yake, mama ya batoto wake, anauliza juu ya nini hamukumwita."

Hata hapo bado nilimshuku. "Na sifuri zako je?"

"Mashine yenu ilikufa siku ya pili. Mapili, ile betri yake, ilikwisha, na kule courant ya umeme hakuna. Mi nikapima na ile ya zamani, ya kupompa na mukono, nikasoma mistari mikubwa, ile ya kumi kumi. Niliandika ku kila karatasi! Ninyi batu ya masomo, karatasi hamusomake?"

Karatasi zilikuwa kwenye katoni chini ya meza yangu. Kila siku nilipumzisha miguu juu yake! Nikaifungua mbele yake. Ukingoni mwa kila karatasi, kwa mwandiko wa kutulia: nimepima kwa mkono.

Nilikwenda Kasaji kwa pikipiki. Cherehani ya Tata Ilunga ilikuwa imefunikwa shuka. Alinisalimu kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa hilo. Kuomba radhi, yeye! Nikasema natoka hospitali, basi. Hadi leo hajui mimi ni nani.

Mama Anto amerudishwa kazini. Haniiti tena Tata Diploma. Haniiti kitu.

Ninyi mnaokaa na kompyuta, shaka ni kazi yetu, sikatai. Lakini namba ikikutia shaka, muulize aliyeiandika kabla hujamhukumu. Na yeye akipiga simu, pokea! Mimi niliogopa kudanganywa na mama mmoja, na sasa ni mimi ninayemdanganya mtu aliyenipa mkono wake uliobaki.