Pikipiki Iliyonuka Papa

Ugonjwa wa pikipiki ile niliujua kwa pua kabla sijashika spana. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi nikisimulia, vijana wenye vyeti wanatazamana. Watazamane. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nikaacha kwa kuwa mwalimu alikuwa hodari wa fimbo kuliko wa chaki, na injini nilizofungua mimi ni nyingi kuliko vitabu walivyofungua wao.

Ilikuwa miaka ile bandari ya Mtwara inajengwa, mji mzima vumbi na malori. Nilitoka ng'ambo ya Ruvuma, nikavuka kule mto unapoingia baharini, nina shuka moja na chale zangu usoni. Nikabeba mawe ya bandari mwaka mzima. Bega langu la kulia mpaka leo liko chini kuliko la kushoto. Halafu nikapata kazi katika karakana moja ya malori, na kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyuma. Mafundi wanafungua, wanatupa kwenye karai la mafuta ya taa, mimi nasugua. Miaka miwili nasugua. Lakini mtu anayesugua kila chuma kinachotoka ndani ya injini, kama akili yake haijalala, mwisho anajua chuma kipi kimekufa na kipi kimechafuka tu.

Fundi mkuu alitoka Dar es Salaam. Alikuwa na cheti chake amekitia kwenye fremu, amekitundika juu ya kabati la vifaa, na kila asubuhi alikifuta vumbi kwa kitambaa cheupe. Spana hakuzifuta. Ovaroli lake halikuwa na doa hata moja, na mpaka leo fundi asiye na doa mimi simpi hata baiskeli.

Basi siku moja ikaletwa pikipiki inasukumwa na wachukuzi wawili wanaotiririka jasho. Mwenyewe anafuata nyuma, kanzu na koti, hajagusa hata usukani. Alikuwa mtu wa Mikindani, wa zile nyumba za mawe, baba yake ana majahazi. Pikipiki aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya karanga aliyekuwa anarudi kwao. Kuukuu, lakini chuma kizito, silinda moja, injini ya kweli.

"Ilikuwa inakwenda vizuri," akasema. "Mara ikaanza kukohoa, ikakosa nguvu, sasa hata kuwaka haiwaki."

Fundi mkuu akapiga kiki mara tatu. Kanyagio likashuka laini, kama anakanyaga godoro. Injini iliyo nzima haikanyagiki hivyo. Hewa inayobanwa ndani lazima ikurudishe mguu.

"Silinda imeliwa," akatangaza. "Ipelekwe Dar ikachongwe, na pistoni mpya iagizwe Ulaya. Hesabu miezi sita."

Hakufungua hata skrubu moja.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa na karai langu karibu na bomba la moshi. Nikanusa. Nikainama nikanusa tena.

"Bwana Fundi, hii inanuka papa."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Yule bwana akageuka kama amemwagiwa maji. "Nani ananuka papa?"

"Si wewe, bwana. Injini yako."

"Msamehe," fundi mkuu akasema. "Huyu Mmawia ana njaa. Kila kitu anaona kitoweo." Mmawia ndilo jina walilotubandika sisi Wamakonde tuliotoka ng'ambo, na walilitamka kama mtu anayetema kokwa.

Ningenyamaza, yangeisha. Badala yake nikasimama, mikono inachuruzika mafuta ya taa, nikasema silinda haijaliwa, ni valvu, na mimi naweza kuitengeneza hapahapa bila kuagiza hata msumari.

Kicheko kikakatika. Fundi mkuu akanitazama toka miguuni kwenda juu, akifurahi kama mtu aliyeletewa chai.

"Haya. Siku tatu. Ikipanda mlima wa Mikindani imenibeba mimi na bwana huyu, nitakuita fundi mbele ya watu wote hawa. Isipopanda, unavua ovaroli la watu, unarudi kubeba mawe."

"Pikipiki yangu ichezewe na mwosha vyuma?" yule bwana akang'aka.

"Imeshakufa hiyo, bwana. Ataiua mara ngapi?"

Nikakubali. Bega likaniuma palepale, nakumbuka.

Nilianza kwa kuuliza injini yenyewe, jambo ambalo mwenye cheti hakulifanya. Nikafungua plagi, nikamimina kijiko cha mafuta mazito ndani ya silinda, nikaifunga, nikapiga kiki. Kama tatizo ni silinda kuliwa au ringi za pistoni kuchoka, yale mafuta yanaziba mwanya na mguu unasikia nguvu inarudi. Haikurudi. Nikamwomba mchukuzi mmoja apige kiki, nami nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi. Kila akikanyaga, bomba linanipumulia mkononi. Hewa iliyotakiwa kubanwa inatoroka kupitia valvu ya moshi. Kazi ya dakika tano, na mtu alikuwa tayari kuipeleka Dar kwa meli.

Nikafungua kichwa cha silinda. Valvu ya moshi imeng'ang'ania kwenye njia yake, haishuki wala haipandi. Shingo yake imevaa gome la rangi ya kahawia linalong'aa, gumu kama kucha. Ringi nazo zimegandia kwenye mifereji ya pistoni. Nikakwangua kidogo, nikanusa. Nikakumbuka mitumbwi niliyovukia Ruvuma na majahazi yaliyopandishwa mchangani Mikindani. Mbao zake zinapakwa mafuta ya ini la papa, na yakikauka yanashika hivihivi.

Mafuta ya taa hayakulitoa gome lile. Wenzangu wakapita wakiuliza, "Kitoweo kimeiva?" Jioni nikaenda kwa mama niliyepanga kwake Chikongola, nikamwomba maji ya majivu, yale wanayochuja mama zetu kulainishia mboga. Akaniuliza napika nini. Nikamwambia valvu. Akasema nizipike nje. Kichwa cha chuma na valvu nikavichemsha mpaka gome likavimba na kubanduka vipandevipande. Pistoni sikuitia humo. Madini yake ni mepesi, majivu yangeitafuna. Niliikwangua polepole kwa kijiti cha mwanzi, siku ya pili karibu nzima, nikazitoa ringi moja moja bila kuvunja. Kipande kimoja cha lile gome nikakitia kwenye kiberiti kitupu, nikakiweka mfukoni.

Ikabaki kuisaga valvu pale inapokalia, maana kwa kukaa wazi ilikuwa imeunguzwa na moto. Kulikuwa na kopo la unga wa kusagia ndani ya kabati, chini ya kile cheti.

"Unga ule ni wa mafundi," fundi mkuu akasema, akatia ufunguo mfukoni.

Nikatafuta jiwe la kunolea lililovunjika, nikalitwanga, nikalipepeta kwa kitambaa mara tatu, nikachanganya na grisi. Nikaisaga valvu kwa viganja, kushoto kulia, mpaka ikaacha mduara mmoja wa kijivu usiokatika. Nikaifunga na springi yake, nikamimina mafuta ya taa juu, nikangoja. Halikuvuja tone.

Siku hiyo hiyo yule bwana akaja kutazama. Nikamwonyesha kiberiti.

"Mafuta ya injini yalikuishia wapi, bwana?"

"Nani kakwambia yaliisha?"

"Hili gome."

Akatazama huku na huku. "Msimbati," akanong'ona. "Wavuvi wakanipa chupa, nikamimina. Mafuta si mafuta? Yanang'arisha mbao miaka kumi!" Halafu akanisogelea, kwa mara ya kwanza akaniita kijana. "Kijana, haya yaishie hapa. Nitakusemea vizuri."

Nilikuwa naichoma gasketi ya shaba iwe nyekundu niizamishe kwenye maji ilainike, na shaba haingoji mtu amalize kujipendekeza.

Siku ya tatu nikapiga kiki. Kanyagio likanirudisha mguu juu. Mara ya pili, injini ikawaka, ikatoa moshi mweupe, harufu ya papa ikatapakaa karakana nzima kwa mara ya mwisho, halafu ikatulia, inadunda sawasawa. Fundi mkuu akapanda, yule bwana akakunja kanzu nyuma yake, wakaondoka kuelekea Mikindani. Mimi nikakaa juu ya tairi. Nilishavua ovaroli, nimelikunja magotini, ili asije akanivua mtu.

Wakarudi wamepanda. Hawakusukuma.

"Imepanda," fundi mkuu akasema, kama anang'olewa jino. "Kumbe valvu tu. Hata mimi nilishuku."

"Ni yule mwenye duka," yule bwana akadakia kwa sauti. "Aliniuzia mafuta mabovu!"

Mwenye duka huyo alikuwa mtu wa watu, na mimi si mtu wa kununuliwa kwa kuitwa kijana. Nikafungua kiberiti, nikakipitisha kwa wote waliocheka, mmoja mmoja. Dereva mmoja mzaliwa wa Mikindani akanusa, akapiga paja. "Si ndiyo haya ya kupaka majahazi! Bwana, ulitaka pikipiki iende Zanzibar?" Mwenye kanzu akawasha chombo chake akaondoka, na salamu yake sikuisikia tena.

Fundi mkuu hakutimiza neno lake. Alisema "kesho", akaingia ndani.

Kesho yake nikakuta karai limejaa vyuma vichafu mahali pangu. Nikalipita, nikaenda kusimama chini ya cheti.

"Funguo za kabati."

Akazitoa polepole. "Chukua, fundi," akasema chinichini.

"Walio nje hawajasikia."

Akasema tena, safari hii wakasikia. Kisha akanionyesha karai. "Na hivi nani ataosha?"

"Anayeweza kufuta cheti kila asubuhi hatashindwa kufuta chuma."

Siku ile aliviosha mwenyewe, maana lori lilikuwa linangojwa bandarini. Na hakuviosha vizuri.