Kituo Alichokikwepa Roswitha

Roswitha Kämmerling alikubali kupanda treni ya kusini kwa sababu visingizio vilikuwa vimemwishia. Harusi ya mpwa wake kule Bamberg aliikosa, akasema ni mgongo. Maziko ya shangazi yake aliyakosa, akasema ni barafu. Miaka thelathini na saba hakuipita reli ile, yeye aliyekuwa mkaguzi wa tiketi hadi alipostaafu. Jumamosi hiyo ya Septemba, binti yake Anke alimjia na tiketi ya kikundi mkononi, na nyuma yake Gudrun, shoga yake wa tangu shule, na Lothar mume wa Gudrun. Angewaambia nini?

Treni iliondoka Saalfeld saa tatu asubuhi. Hawajafika mbali, Gudrun alishafungua kikapu: mayai ya kuchemsha, soseji, saladi ya viazi, keki ya plamu, na vichupa vinne vya mvinyo wenye mapovu.

"Lothar, dakika tano tu na mayai mawili yameshakwenda," alisema Gudrun.

"Reli inatia njaa. Muulize shemeji, ndiye mtaalamu."

"Wewe hata jeneza litakutia njaa," alisema Roswitha, na wote wakacheka.

Alikuwa amechagua kiti kinachotazama nyuma ya treni, asikione kituo fulani cha njiani kikija. Haikumsaidia, maana mwili wake uliijua njia. Ulijua kona ya kiwanda cha mbao, ukajua handaki fupi, ukajua mahali mto unapohamia upande wa pili. Kila mtu alipofungua mlango wa choo mwisho wa behewa, macho yake yalipanda darini yenyewe. Dari ilikuwa plastiki nyeupe, nzima, haina hata parafujo. Aliitazama hata hivyo.

"Mama kawa kimya," alisema Anke. "Ngoja niwape hadithi yake ya treni. Mwaka ule nilipokuwa na miaka sita alirudi kazini na kikapu cha machungwa. Machungwa, wakati ule yalipokuwa hayaonekani madukani! Baba aliyapanga dirishani mtaa mzima uone. Sijapata kuwa na Krismasi kama ile. Na hajawahi kutuambia aliyapata wapi."

"Sema, bibi wewe," Gudrun alimchokoza. "Ulikuwa na mpenzi gani huko mpakani?"

Roswitha alikiweka kichupa chake chini. Nje, milima ilikuwa imesogeleana, na breki zilianza kushika.

"Nilizawadiwa," alisema. "Kwa ajili ya mtu."

Akawaeleza, akiangalia magoti yake. Nchi ilikuwa bado vipande viwili, na treni za kwenda upande wa pili zilisimama kituo kilichokuwa mbele yao zikaguliwe, asivuke mtu bila kibali. Yeye kazi yake iliishia hapo. Asubuhi moja ya Novemba aliingia choo cha behewa la tatu, akaona ubao wa dari umekaa upande. Alipanda juu ya sinki ili ausukume. Ndani kulikuwa na kijana amejikunja kama nguo kwenye sanduku. Kijana aliweka kidole mdomoni. Roswitha aliurudisha ubao, akashuka, akaendelea kutoboa tiketi.

"Basi ulimficha," alisema Anke.

"Kwa dakika ishirini nilimficha. Tulipofika, afisa wa mpaka akaniuliza kama alivyoniuliza kila siku: 'Kila kitu sawa?' Nikajibu, 'Dari ya choo, behewa la tatu, imelegea.' Sikutishwa. Hata sauti hakupandisha."

Askari walimtoa kijana, wakiwa na mbwa wawili. Alikuwa na sweta ya kijani, na mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi, akawa anauburuta. Alipopita mbele ya Roswitha alimwangalia bila chuki, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. Macho hayo Roswitha alikuwa ameamka nayo asubuhi zake zote.

Treni ikasimama kituoni, ikakaa dakika mbili, ikaondoka. Hakuna aliyegeuka kutazama.

"Ningesema vilevile," Gudrun alisema mwishowe. "Ulikuwa na mtoto."

"Usingesema, Gudrun. Nakujua."

Lothar alianza kukusanya maganda ya mayai, moja moja, kwenye karatasi. Anke alikwenda kusimama mlangoni, na huko alibaki hadi Bamberg.

Mjini walitembea kama walivyopanga. Walikula nyama ya nguruwe na madonge ya viazi, Lothar akaisifu kupita kiasi bia ya mji ule yenye ladha ya moshi ili pawe na sauti mezani. Anke alimpitishia mama yake chumvi alipoombwa. Zaidi ya hapo, hakumsemesha.

Jioni, wakirudi, jua bado liko juu ya misonobari, treni ilipoanza kupunguza mwendo kwenye kituo kile Anke alisimama, akachukua koti la mama yake.

"Tunashuka."

"Hapa? Inayofuata ni baada ya saa nzima, mwanangu."

"Najua. Shuka, mama."

Gudrun na Lothar waliendelea peke yao. Jengo la ukaguzi halikuwapo tena. Palikuwa na maegesho ya magari na mashine ya tiketi. Anke alisimama katikati ya jukwaa, mikono mifukoni.

"Nionyeshe."

Roswitha alimwonyesha: behewa la tatu lilisimamia hapa, mbwa walitokea pale, yeye alikuwa kwenye nguzo hii.

"Alikuwa na umri gani?"

"Ishirini. Labda hata ishirini hakufika."

"Jina lake?"

"Sikuuliza. Niliogopa kubaki na jina lake."

Anke alilia, akiwa amempa mama yake mgongo. "Nilikula machungwa saba," alisema. "Nilikuwa nayahesabu."

"Wewe ulikuwa mtoto. Hayo ni yangu."

Walikaa kwenye benchi wakisubiri, koti moja magotini mwao wawili. Majira ya baridi yale Anke aliandika barua kwa hifadhi ya nyaraka za serikali iliyokufa, akitaja siku, treni na sweta ya kijani. Jibu lilikuja mwezi Machi: karatasi za wiki ile hazikupatikana. Anke aliandika tena, mahali pengine. Na Roswitha, kila Novemba, akawa anapanda treni ya kusini peke yake, anashuka kwenye kituo kile, anasimama kwenye nguzo yake mpaka ya kurudi ifike.