Punje ya Tatu

Daktari aliniambia nipumzike siku chache, nisibebe kizito wala nisipande milima. Alikuwa amenipandikiza punje tatu za dhahabu ndani ya tezi dume, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele, ili mionzi itakapoanza mashine izione na kuilenga saratani bila kuunguza pengine. Nilimwitikia vizuri. Lakini mtu wa Suji asipopanda mlima anakwenda wapi?

Wiki ile ilikuwa zamu yangu ya maji. Mashamba yetu hunyweshwa na ndiva, bwawa lililochimbwa na babu zetu juu ya kijiji, na kila nyumba ina asubuhi yake ya kulifungulia. Mke wangu alitaka kumtuma mpwa wangu.

"Huyo atanywesha shamba la jirani," nikasema.

"Na wewe umejaa dhahabu. Ukianguka huko watakuja kukuchimba."

Tulicheka. Nikachukua jembe, nikapanda.

Wakati wa kushuka nilikojoa kando ya mfereji. Mkojo ulitoka na damu, ukanichoma, na kitu kikagonga jiwe. Nilikiona kinang'aa. Kabla sijainama vizuri maji yakakichukua. Nyumbani sikusema neno. Ningemwambia nini mke wangu, naye alikuwa amenikataza?

Niliporudi hospitali kwa vipimo, nilikaa benchi moja na mama mmoja wa Gonja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka nyumbani lini?"

"Jana. Mgongo haunipi nafasi ya kukaa wala kulala." Alikuwa na saratani ya titi, na madaktari walitaka MRI ya mgongo wajue kama imefika huko kabla ya kumwandikia dawa. Zamu yake ilikuwa inafuata yangu. Alifungua kibakuli cha makande, akanigawia nusu.

Niliitwa kwanza. Binti wa mashine alikuwa na picha zangu za CT mbele yake. Punje mbili zilionekana wazi, nyeupe sana. Ya tatu haikuonekana. Palikuwa na doa hafifu tu, ambalo huenda lilikuwa chembe ya chokaa ya uzee. Akanieleza kwamba kwenye MRI dhahabu huonekana kama tundu jeusi, na chokaa nayo huweza kuonekana hivyo hivyo.

"Baba, tangu upandikizwe, kuna kitu kimetoka? Damu, au kitu chochote kwenye mkojo?"

"Hakuna," nikasema.

Akanipiga picha. Akabadilisha mipangilio, akanipiga tena. Daktari akaja, akamwuliza kwa ukali kama kweli anajua kuitumia mashine ile. Binti akainamisha kichwa, akaanza upya. Nami nimelala ndani ya lile bomba, mashine inagonga, nawasikiliza wakitafuta kitu nilichokiacha mferejini Suji.

Nilipotoka, mama wa Gonja alikuwa anaambiwa kwamba punje yangu moja imejificha, muda wa mashine umekwisha, arudi wiki inayofuata. Aliinuka akishika ukuta.

"Pole, baba," akaniambia. "Wamekuchosha sana."

"Asante, mwanangu."

Kijijini kwetu anayefungulia maji kwa zamu ya mwenzake huitwa kwenye kikao, na mimi nimewahi kukaa upande wa wanaohukumu. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilirudi nikawaambia ukweli, daktari na binti wote wawili wakiwepo. Daktari alisema punje mbili zingetosha, ningesema tu. Nilimwomba binti radhi. Alisema, "Sawa, baba," akageukia kompyuta yake.

Mionzi yangu imekwisha, na naendelea vizuri. Juzi nilimkuta yule mama stendi ya Same, amekaa juu ya begi, ana fimbo ya kutembelea. Aliniambia kwamba wiki ile aliyorudi, mashine ilikuwa mbovu. Alipopimwa mwishowe, ugonjwa ulikuwa umeshafika mgongoni. Sijui ulifika lini. Hakuna anayejua.

"Baba, ile iliyojificha waliiona?" akaniuliza.

"Haikujificha. Ilikuwa imeshatoka, na nilijua. Nilipoulizwa nilikataa, nikakuchelewesha."

Kondakta akaita abiria wa Gonja. Nilinyoosha mkono nimbebee begi.

"Liache," akasema.

Akalibeba mwenyewe.